Swali la Vanuatu: ubalozi wa nchi ndogo huko New York ulivyoifikisha tabianchi The Hague

Tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 77/276 bila kupiga kura. Azimio hilo liliiomba Mahakama ya Kimataifa ya Haki, yenye makao The Hague, Uholanzi, itoe maoni ya ushauri, yaani ieleze sheria inasemaje, kuhusu wajibu wa mataifa katika mabadiliko ya tabianchi. Aliyelileta ni Vanuatu, nchi ya visiwa 83 katika bahari ya Pasifiki yenye watu wapatao laki tatu, inayolipa 0.001% ya bajeti ya kawaida ya Umoja wa Mataifa, kiwango cha chini kabisa anachoweza kupangiwa mwanachama. Siku hiyo nchi 132 zilikuwa zimeandikisha majina yao kama wadhamini wa rasimu.

Vyombo vingi vya habari vilikisimulia kisa hiki kama cha mnyonge aliyelibwaga jitu. Inapendeza kusikia, lakini haimfai anayetaka kujua kazi yenyewe ilifanyikaje. Wanyonge wenye haki wamejaa Umoja wa Mataifa na wengi hurudi kwao mikono mitupu. Hata wazo hili halikuwa la Vanuatu. Lilishajaribiwa na kukwama. Tofauti ilitokana na mambo mawili: nani walioshika kalamu, na kalamu iliandika swali gani.

Jaribio la kwanza

Septemba 2011 rais wa Palau wakati huo, Johnson Toribiong, aliliambia Baraza Kuu kwamba nchi yake na Visiwa vya Marshall wataomba maoni ya ushauri ya Mahakama. Swali lao lilihusu wajibu wa nchi kuhakikisha kwamba hewa chafu inayotoka katika himaya yake haiiumizi nchi nyingine. Kisheria lilikuwa swali zuri. Halikufika hata kwenye kura.

Palau na Visiwa vya Marshall ziliingia uwanjani zikiwa zimefungwa mkono mmoja. Zote mbili zina mkataba maalumu na Marekani, ambayo inazilinda kijeshi na kuchangia sehemu kubwa ya bajeti zao. Wakati Toribiong akihutubia, makubaliano mapya ya fedha ambayo Palau ilikuwa imetia saini Septemba 2010 yalikuwa yakisubiri kuidhinishwa na Bunge la Marekani, na yaliendelea kusubiri hadi 2018. Balozi wa nchi iliyo katika hali hiyo hahitaji kutishwa na mtu. Anajua mwenyewe simu ipi itapigwa na itapigiwa nani.

Vanuatu haina mkataba wa namna hiyo. Hadi Julai 30, 1980 ilitawaliwa kwa pamoja na Uingereza na Ufaransa, utawala wa ajabu uliokuwa na mifumo miwili ya karibu kila kitu. Urithi mmoja wa fujo hiyo ulikuja kuwa mtaji: lugha rasmi ni Kibislama, Kiingereza na Kifaransa, na nchi ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola na pia wa jumuiya ya nchi zinazozungumza Kifaransa. Mahakama ya The Hague hufanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa. Ubalozi unaoingia kumbi zote mbili bila mkalimani umeshaokoa fedha nyingi na, la maana zaidi, muda.

Maagizo kutoka Port Vila

Wazo lilifufuliwa mwaka 2019 na wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini, kampasi ya Vanuatu, ambao waliwaandikia viongozi wa eneo hilo wakiwataka waende Mahakamani. Ralph Regenvanu, waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, alilipokea. Serikali ya waziri mkuu Bob Loughman ikalitangaza rasmi Septemba 2021, Regenvanu akiwa tayari kiongozi wa upinzani. Uchaguzi wa mapema wa Oktoba 2022 ukamweka madarakani Ishmael Kalsakau, na Regenvanu akarudi serikalini kama waziri wa tabianchi. Septemba 2023 akaingia Sato Kilman, mwezi uliofuata Charlot Salwai, na Februari 2025 Jotham Napat.

Hao ni mawaziri wakuu watano katika kampeni moja. Kwa ubalozi wowote, kubadilika kwa serikali ndiko kunakoua miradi mirefu: waziri mpya hajui faili, katibu mkuu mpya anataka kuanza upya, na maagizo ya maandishi yanachelewa huku mazungumzo ya New York hayamsubiri mtu. Faili hili lilinusurika kwa sababu halikuwa mali ya chama kimoja. Balozi Odo Tevi, mwakilishi wa kudumu New York katika kipindi cha mazungumzo ya rasimu, aliweza kuzungumza bila wenzake kujiuliza kama baada ya wiki mbili atakuwa amepokea agizo la kugeuza msimamo.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakiandikwi sana, nacho ni saa. Port Vila, mji mkuu wa Vanuatu, iko mbele ya New York kwa saa 16 wakati wa majira ya baridi ya Marekani, na 15 wakati wa joto. Mkutano ukianza New York saa tatu asubuhi, nyumbani ni saa saba usiku wa siku inayofuata. Ofisi za Port Vila zinafunguliwa wakati New York inafunga, saa kumi na moja jioni. Ijumaa ya New York nyumbani ni Jumamosi; Jumatatu ya nyumbani New York ni Jumapili. Kwa hiyo afisa akiulizwa asubuhi kama nchi yake inakubali neno fulani katika aya ya tatu, jibu la makao makuu haliwezi kuja kabla ya jioni, na likiulizwa Ijumaa linaweza kuja Jumapili usiku. Dawa yake ni moja tu: maagizo ya awali yawe mapana, yaseme mipaka isiyovukwa, na yaliyobaki aachiwe balozi. Nchi inayotaka kuidhinisha kila mkato kutoka makao makuu haiwezi kuongoza mazungumzo kutoka upande wa pili wa dunia.

Halafu ikaja Novemba 2022. Siku mbili baada ya Kalsakau kuapishwa tarehe 4, mtandao wa serikali ya Vanuatu ulishambuliwa na wadukuzi. Barua pepe na seva za serikali zikazima kwa wiki kadhaa. Watumishi wakarudi kwenye karatasi na anwani zao binafsi za Gmail. Na mwezi huohuo ndio rasimu ilikuwa ikianza kusambazwa kwa nchi wanachama. Njia ya pili ya mawasiliano na nakala ya faili zima nje ya seva za nyumbani ni vitu ambavyo ubalozi wa nchi ndogo huviahirisha kwa sababu ya gharama. Mwezi kama huo huonyesha gharama ya kuahirisha.

Walioshika kalamu

Kidole kimoja hakivunji chawa, na Vanuatu haikujaribu. Rasimu iliandikwa na kundi la msingi la nchi 18: Angola, Antigua na Barbuda, Bangladesh, Costa Rica, Liechtenstein, Micronesia, Moroko, Msumbiji, New Zealand, Romania, Samoa, Sierra Leone, Singapore, Uganda, Ujerumani, Ureno, Vanuatu na Vietnam.

Itazame orodha hiyo kwa makini, maana imepangwa kama timu. Afrika ina tano, na kati yake zimo zinazozungumza Kireno, Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Karibi na Amerika ya Kati zina mlango. Ujerumani na Ureno zinaingia vikao vya Umoja wa Ulaya kila wiki, na Romania inavifikia vya Ulaya ya Mashariki. Bangladesh na Vietnam zinasikilizwa na nchi za Asia ambazo zisingependa kusikia jambo hili kutoka kwa Mzungu. Singapore na Liechtenstein ni nchi ndogo zenye wanasheria wa kimataifa ambao nchi kubwa huwaonea wivu.

Ubalozi wenye maafisa wachache hauwezi kuzungumza na balozi 192. Kamati kuu za Baraza Kuu ni sita, na wakati wa msimu mkuu, Septemba hadi Desemba, zote hukaa kwa pamoja. Afisa mmoja anaweza kuwa na kamati mbili kwa saa ileile. Kundi la msingi hubadilisha hesabu: kila mjumbe anabeba kundi lake la kikanda, na Vanuatu inabaki na kazi ya kuratibu. Gharama yake ni kugawana kalamu. Ukiialika Ujerumani mezani, itasoma kila mstari, na mengine yatafutwa. Nchi nyingi ndogo hushindwa hapa. Zinataka wadhamini wa kusaini, hazitaki waandishi wenza. Anayeombwa kusaini tu huondoka mara simu ya kwanza ya malalamiko inapomfikia. Aliyeiandika ataitetea kama yake.

Kabla ya New York kulikuwa na kazi ya nyumbani kwao. Viongozi wa Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki walipokutana Suva, Fiji, Julai 2022 waliunga mkono mpango huo, na Australia ni mmoja wao. Mwanachama mzito wa kanda akishakubali kwenye tamko la wakuu wa nchi, balozi wake New York hana tena nafasi ya kusema anasubiri maelekezo.

Njia ndani ya Baraza Kuu

Ibara ya 96(1) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaliruhusu Baraza Kuu kuomba maoni ya ushauri kuhusu swali lolote la kisheria. Vyombo vingine vinaruhusiwa kuuliza yaliyo ndani ya kazi zao tu. Shirika la Afya Duniani liliuliza mwaka 1993 kuhusu uhalali wa kutumia silaha za nyuklia, na mwaka 1996 Mahakama ikakataa kujibu kwa sababu swali lilikuwa nje ya majukumu ya shirika hilo. Mlango wa Baraza Kuu ni mpana zaidi, na ndio Vanuatu iliuchagua.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuepuka kamati. Mambo ya tabianchi kwa kawaida hupita Kamati ya Pili, ya uchumi, na ya kisheria hupita ya Sita. Zote mbili zina desturi ya kujadili hadi kila mtu akubali, na hiyo ni njia nzuri ya kuzika jambo. Rasimu ikaenda moja kwa moja kwenye kikao cha wote, chini ya ajenda ya ripoti ya Mahakama yenyewe, ikapewa namba A/77/L.58.

Kabla ya namba hiyo kulikuwa na miezi ya mashauriano yasiyo rasmi, kuanzia mwishoni mwa 2022 hadi Februari 2023. Yanakwenda hivi: kundi la msingi linasambaza rasimu, linaita wote chumbani, linasoma aya kwa aya, linapokea maandishi, kisha linajifungia na kutoa toleo jipya. Wenye kalamu ndio wanaoamua kinachoingia. Kosa la kawaida ni kulitetea kila neno kwa nguvu sawa. Azimio lina sehemu mbili, utangulizi na maswali. Utangulizi ndio pa kulipia madeni: anayetaka kutajwa kwa maendeleo, atajiwe; anayetaka kukumbushwa mkataba fulani, akumbushwe. Mahakama hujibu maswali, kwa hiyo huko ndiko pa kukaza.

Rasimu ikishawasilishwa, hutafsiriwa kwa lugha sita, sekretarieti hutazama kama inagusa bajeti, na udhamini hufunguliwa kwenye mfumo wa kielektroniki. Kuanzia hapo kila jina jipya linaonekana na wote.

Swali lenyewe

Swali la kwanza linauliza: mataifa yana wajibu gani, chini ya sheria za kimataifa, wa kuulinda mfumo wa tabianchi kwa ajili ya mataifa na vizazi vya sasa na vijavyo? La pili: ni matokeo gani ya kisheria kwa mataifa ambayo, kwa kutenda au kwa kutotenda, yameuletea mfumo huo madhara makubwa, kuhusu nchi zilizoumizwa, hasa za visiwa vidogo, na kuhusu watu wa vizazi vya sasa na vijavyo?

Hakuna nchi iliyotajwa. Hakuna neno fidia. Hakuna mwaka wa kuanzia kuhesabu moshi wa nani. Aliyetaka kupinga alilazimika kusimama na kusema hataki kujua sheria inasemaje, na hilo ni gumu kulisema mbele ya kamera. Lakini ndoano imebaki ndani ya maneno "matokeo ya kisheria", kwa sababu katika sheria ya wajibu wa mataifa matokeo ya kuvunja wajibu yanajulikana: kuacha, kutorudia, na kufidia. Kwa hiyo swali la pili ndilo lililokuwa uti wa mgongo. Kama lingebadilishwa kuwa swali la ushirikiano na misaada, azimio lingepita kwa shangwe na lisingekuwa na kazi.

Kuna kipande kingine ambacho wengi walikipita. Juu ya maswali hayo, azimio linaitaka Mahakama izingatie hasa orodha ya vyanzo: Mkataba wa Umoja wa Mataifa, mikataba miwili mikuu ya haki za binadamu, mkataba mama wa tabianchi, Makubaliano ya Paris, Mkataba wa Sheria ya Bahari, wajibu wa kuchukua tahadhari ipasavyo, kanuni ya kuzuia madhara makubwa kwa mazingira na mengine. Inaonekana kama orodha ya heshima. Karibu miaka miwili baadaye, nchi kadhaa zinazotoa hewa ukaa kwa wingi zilikwenda The Hague na hoja moja kuu: mikataba ya tabianchi ni sheria mahsusi, kwa hiyo inaziondoa za jumla. Swali ambalo lingetaja Makubaliano ya Paris peke yake lingewapa hoja hiyo bure. Palau ya 2011 ilikuwa imejifunga kwenye madhara ya nchi kwa nchi. Vanuatu ilifungua madirisha yote kabla ya kumwalika hakimu.

Hesabu ya majina

Mwaka 2017 Morisi, taifa jingine la visiwa, ilipeleka Mahakamani suala la visiwa vya Chagos kwa kura 94 dhidi ya 15, na 65 zikajizuia. Ulikuwa ushindi halali. Lakini kura hufungua mjadala kuhusu uhalali wa wingi wake, na kila aliyepinga anaweza kuikumbusha Mahakama hilo baadaye. Vanuatu ililenga ridhaa ya wote. Njia ya kuipata ni kulundika wadhamini hadi kuomba kura kuwe ni kujianika.

Umoja wa Mataifa una wanachama 193. Theluthi mbili ni 129. Rasimu iliwasilishwa ikiwa na wadhamini 105, tayari zaidi ya nusu, na siku ya kupitishwa wakafika 132. Hata mtu angedai kwamba jambo hili ni zito na linahitaji theluthi mbili, majina yalikuwepo. Marekani na China hazikudhamini. Marekani ilieleza mashaka yake, lakini hakuna aliyeomba kura.

Wiki nne kabla, vimbunga Judy na Kevin vilikuwa vimeipiga Vanuatu ndani ya siku tatu, tarehe 1 na 3 Machi, na hali ya dharura ikatangazwa. Kalsakau alikuja New York mwenyewe. Vimbunga havikuandika azimio, na majina mengi yalishapatikana kabla, lakini si rahisi kudai kura ipigwe mbele ya waziri mkuu ambaye mji wake mkuu bado unasafisha mabaki.

The Hague

Mzigo ukahama. Maelezo ya maandishi yalitakiwa awali Oktoba 20, 2023. Muda ukaongezwa hadi Januari, kisha Machi 22, 2024. Yalikuja 91, na maoni juu ya maelezo ya wengine 62. Kwa nchi ndogo huku kuongezewa muda ni kisu chenye makali mawili: wanasheria wanapata nafasi, lakini wanaendelea kulipwa au kuombwa wajitolee. Vanuatu iliongozwa na mawakili waliobobea katika sheria za visiwa na tabianchi, akiwemo Margaretha Wewerinke-Singh, huku mwanasheria mkuu Arnold Kiel Loughman akibeba sauti ya serikali.

Vikao vilianza Desemba 2 hadi 13, 2024. Nchi 96 na mashirika 11 yalizungumza, kila mmoja akiwa na nusu saa. Vanuatu, pamoja na kundi la nchi za Melanesia, ilipewa nafasi ya kwanza. Walifuata Afrika Kusini, Albania, Ujerumani, maana Mahakama ilipanga majina kwa alfabeti ya Kifaransa. Siku nne baada ya vikao kufungwa, tetemeko la ukubwa wa 7.3 likaipiga Port Vila.

Maoni yalisomwa Julai 23, 2025, majaji wote wakiwa kauli moja. Hoja ya sheria mahsusi ilikataliwa. Wajibu wa kuzuia madhara makubwa ukatajwa kuwa wa sheria ya desturi, unaoibana hata nchi isiyo mwanachama wa mikataba ya tabianchi. Kuuvunja ni kosa la kimataifa linaloweza kuleta wajibu wa kufidia, uhusiano wa chanzo na madhara ukithibitishwa. Na kwa nchi za visiwa kulikuwa na zawadi ya ziada: mipaka ya bahari iliyokwisha kuwekwa hailazimiki kurekebishwa kwa sababu maji yamepanda, na kupotea kwa mojawapo ya vigezo vya dola hakufuti dola moja kwa moja.

Maoni ya ushauri hayafungi. Ndiyo maana Vanuatu ilitangaza kwamba itarudi Baraza Kuu kutafuta azimio la kuyaunga mkono na kuyatekeleza. Kazi hiyo ni ngumu kuliko ya kwanza, ingawa ukumbi ni uleule. Mwaka 2023 nchi 132 zilidhamini swali ambalo kila moja ilikuwa huru kulikisia jibu lake. Sasa jibu limeandikwa, na baadhi ya waliosaini swali ndio waliosimama The Hague kupinga sehemu zake.